Mashini inaandika programu yenyewe: je, watoto wetu waendelee kusoma informatiki?

Tangu miezi kadhaa swali moja linanifuata kila mahali. Linakuja kwa ujumbe wa simu, linakuja kisha kipindi cha asubuhi, na wazazi wengine wananisimamisha njiani. Wanauliza hivi: kama leo mashini inaandika programu za kompyuta yenyewe, je, bado kuna maana ya kumlipia mtoto masomo ya informatiki?

Ninajua kwa nini swali hili ni zito kwetu. Mzazi aliyekimbia Masisi ao Rutshuru aliacha shamba, aliacha ng'ombe, aliacha nyumba yenye mabati mapya. Kisha kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilivunjwa mwanzoni mwa 2025, na wengi wakahama tena mara ya pili ao ya tatu. Shamba huwezi kulibeba mgongoni. Lakini kile mtoto anacho kichwani, anakimbia nacho. Ndiyo maana wazazi wengi wanaipenda kazi ya kompyuta: ni kazi inayohama na mwenyewe. Leo ukiwaambia kwamba hata kazi hiyo mashini inaichukua, ni kama unawaambia kwamba mali ya mwisho nayo imechomwa.

Mimi si injinia. Nilimaliza sekondari, nikafuata masomo ya uandishi wa habari, na sasa ni miaka zaidi ya kumi ninatumika kwenye redio. Lakini kazi yetu ni kuuliza, na juu ya jambo hili niliuliza sana. Nilizungumza na vijana wanaotengeneza programu hapa mjini, nilisoma yale yaliyoandikwa, na nilijionea mwenyewe namna mashini hiyo inavyofanya kazi, maana ilifika mpaka redioni kwetu. Ninawaandikia yale niliyoyaona.

Mashini hiyo ni kitu gani?

Programu ni orodha ya amri ambazo kompyuta inafuata. Ukituma makuta kwa simu, kuna programu inayohesabu na kuandika salio. Redio ikipiga wimbo usiku wakati mtu wa studio amelala, ni programu inayoupiga. Amri hizo zinaandikwa kwa lugha maalumu, na kila kosa dogo, hata alama moja iliyosahauliwa, linaweza kusimamisha kila kitu. Mtu anayeziandika anaweza kumaliza siku nzima akitafuta kosa moja.

Kwa miaka mingi, watu duniani kote waliweka programu zao wazi kwenye intaneti ili wengine wajifunze. Kampuni za akili bandia zilichukua maandishi hayo, mistari mingi kupita hesabu, wakayafundisha mashini zao. Mashini ikajifunza kwamba kisha amri ya namna hii, mara nyingi inakuja amri ya namna ile. Mwezi wa sita 2021, GitHub na OpenAI walitoa msaidizi anayeitwa Copilot kwa majaribio, na mwaka uliofuata wakaanza kumuuza kwa dola 10 kwa mwezi. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2022 ikatoka ChatGPT, na watu wasiosoma informatiki nao wakaanza kuiomba iwaandikie programu. Leo wako wasaidizi wengi wa namna hiyo, wengine wa bure kwa kiasi fulani. Unaandika kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, hata kwa Kiswahili: nitengenezee ukurasa wa kuuza mkaa wenye bei na namba ya simu. Kwa dakika chache ukurasa uko mbele yako.

Lazima tuelewe jambo moja. Mashini hiyo haijui mkaa ni nini. Haijui barabara ya Sake wala bei ya gunia. Inaandika kile kinachofanana na yale iliyoyasoma. Mara nyingi inapata sawa. Mara nyingine inakosea, na inakosea kwa sauti ileile ya kujiamini.

Yale yaliyoonekana kwa nchi tajiri

Wako wanaosema kazi ya kuandika programu imekwisha, na wako wanaosema hakuna kitakachobadilika. Nilitafuta watu waliohesabu, maana kwenye redio hatutangazi jambo kwa sababu tu mtu mmoja amelisema kwa nguvu.

Mwaka wa 2023 watafiti walitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwachukua waandika programu 95, wakawapa wote kazi moja. Wale waliokuwa na msaidizi Copilot waliimaliza kwa muda mfupi zaidi, karibu 56 kwa mia chini ya wenzao. Hiyo ni tofauti kubwa sana. Lakini kazi ile ilikuwa ndogo na ya kawaida, kama kumwambia fundi ajenge ukuta mmoja ulionyooka.

Mwezi wa saba 2025, kundi jingine la watafiti wa Marekani linaloitwa METR likafanya kinyume. Waliwachukua wazoefu 16, kila mmoja kwenye programu kubwa aliyoijua kwa miaka, wakawapa kazi 246 za kweli. Wazoefu hao walikuwa wamesema kwamba mashini itawapunguzia muda kwa 24 kwa mia. Saa ilipohesabiwa, wakiwa na mashini walichukua muda mrefu zaidi kwa 19 kwa mia. Na walipoulizwa mwishoni, bado walidhani waliharakisha. Walipoteza muda wakisoma, wakisahihisha na wakingoja. Kwa hiyo mashini inamkimbiza mtu kwenye kazi ndogo inayojulikana, lakini kwenye nyumba kubwa yenye vyumba vingi inaweza kumpotezea njia.

Halafu kuna hesabu ya kazi zenyewe. Mwezi wa nane 2025 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford waliangalia mishahara ya mamilioni ya watu wa Marekani. Waliona kwamba kati ya watengeneza programu wenye miaka 22 hadi 25, idadi ya walio kazini ilishuka karibu 20 kwa mia toka mwisho wa 2022 mpaka mwezi wa saba 2025. Wale wenye umri mkubwa katika kazi hiyohiyo hawakushuka namna hiyo. Ni kweli kuna sababu nyingine pia. Wakati wa Korona kampuni ziliajiri watu wengi kupita kiasi, kisha mikopo ikawa ghali na wakaanza kupunguza. Lakini tofauti kati ya vijana na wazoefu inatuambia kitu: ngazi haikuvunjwa yote. Vidaraja vya chini ndivyo vinavyokatwa, na ndivyo kijana anavyopandia.

Ofisi ya serkali ya Marekani inayohesabu kazi nayo inatenganisha watu wawili ambao sisi tunawaita kwa jina moja. Kuna yule anayeandika amri jinsi alivyoagizwa na mwingine. Na kuna yule anayezungumza na watu, anayeelewa shida yao, anayepanga programu yote na kuitengeneza. Kwa miaka ya 2023 hadi 2033, ofisi hiyo ilikadiria kwamba kazi za wa kwanza zitapungua karibu 10 kwa mia, na za wa pili zitaongezeka karibu 17 kwa mia. Hayo ni makadirio, yanaweza kubadilika. Lakini tofauti ya wawili hao muiweke akilini, tutaihitaji mbele.

Yale niliyoyaona redioni

Sasa niwaambie ya hapa kwetu.

Redio yetu inapokea matangazo ya watu wanaotafutana. Mama ametengana na mtoto njiani, babu amebaki kijijini, ndugu wawili walikimbia kwa barabara mbili. Watu wanaleta makaratasi ao wanapiga simu, nasi tunasoma. Kwa muda mrefu tuliandika yote kwenye daftari. Daftari zikawa nyingi. Mtu akija kuuliza kama jina la mtoto wake limesomwa, tunafungua kurasa moja moja, na yeye anangoja amesimama. Tuliwahi kuomba bei ya programu ya kutusaidia. Bei tuliyopewa ilikuwa ya kutufunga redio.

Halafu kijana mmoja wa kujitolea, aliyesoma informatiki hapa Goma, akatuambia: nipeni siku mbili. Alikaa na kompyuta yake ya mkononi, akamwagiza msaidizi wa bure kwa Kifaransa, sehemu moja kisha nyingine. Jioni ya pili programu ilikuwa tayari. Unaandika jina, kijiji alikotoka, mahali alipo sasa, na namba ya simu, nayo inatafuta kama kuna mtu anayemtafuta. Sote tulifurahi, hata mzee wetu wa studio asiyependa vitu vipya.

Tulipoanza kuweka majina, shida ya kwanza ikaonekana. Programu ilikuwa inakusanya familia kwa kufuata jina la mwisho, kama wanavyofanya Wazungu. Lakini kwetu baba ana jina lake, mama ana lake, na watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano tofauti kabisa. Kwa macho ya programu, mama yule na watoto wake walikuwa watu sita wasiojuana. Na upande mwingine, iliwaunganisha watoto wawili wenye jina moja, mmoja wa Kitshanga na mwingine wa Kiwanja. Fikirieni mama anaitwa aje, anakuta mtoto si wake. Tena jina la kijiji kimoja watu wanaliandika kwa namna tatu, na mashini inadhani ni vijiji vitatu.

Shida ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na sisi hatukuiona. Aliiona mwenzetu mwingine, mwanamke anayetengeneza programu tangu miaka mingi, aliyepita kutusalimia. Alitazama dakika kumi, akauliza: orodha hii nani anaweza kuifungua? Ikaonekana kwamba mtu yeyote mwenye anwani ya ukurasa ule angeweza kuona majina yote, namba zote za simu, na mahali kila mtu anapolala. Hakukuwa na neno la siri. Mimi na ninyi tunajua maana yake. Katika mji wenye vita, orodha ya nani ametoka wapi na yuko wapi si karatasi ya kawaida. Inaweza kumuua mtu.

Kwa bahati majina tuliyoyaweka yalikuwa ya majaribio tu. Yule dada alimwambia mashini: funga ukurasa huu, weka neno la siri, ficha namba za simu, andika nani amefungua na saa gani. Mashini ikafanya kazi hiyo kwa dakika moja, bila kosa. Hapo ndipo nilipoelewa jambo lote. Mashini ilijua kufunga mlango tangu mwanzo. Lakini haikujua kwamba mlango huu ulihitaji kufungwa, maana haijui vita, haijui hofu, na hakuna aliyeiambia.

Programu ile ilitengenezwa kwa siku mbili. Kuisahihisha ili iwafae watu wa kwetu kulichukua wiki tatu, na ilikuwa kazi ya binadamu: kukaa na mama wa Masisi na kumuuliza watoto wanaitwaje nyumbani, kuandika namna zote za jina la kijiji, kuamua nani ana haki ya kuona nini.

Wale wa mashini ya kupiga

Wazee wa Goma na Bukavu watakumbuka wale wadaktilo waliokaa mbele ya ofisi za komini na mahakama, kila mmoja na mashini yake ya kupiga juu ya meza ndogo. Ulitaka barua ya kuomba kazi, ulitaka hati ya kuuza kiwanja, ulikwenda kwao. Kompyuta zilipofika, watu walisema hao wamekwisha. Na kweli mashini zile za chuma leo huzioni.

Lakini tazameni barabara zetu. Kuna vibanda vya kuandika, kupiga foto, kutoa kopi na kupeleka barua kwa intaneti kila mahali penye shule ao ofisi. Kwa sababu kuandika kumekuwa rahisi, watu wanaandikisha vitu ambavyo zamani hawakuviandikisha: mialiko ya harusi, programu za mazishi, kazi za mwisho za wanafunzi. Kazi iliongezeka. Ila tuseme kweli yote: si kila mzee wa mashini ya kupiga ndiye aliyefungua kibanda. Wengine hawakuwa na makuta ya kununua kompyuta, wengine hawakutaka kujifunza, wakarudi nyumbani. Kazi iliongezeka, lakini mikono ilibadilika.

Hata kwa waandika programu wenyewe, si mara ya kwanza kutangaziwa kifo. Mwaka wa 1957 kampuni ya IBM ilitoa Fortran, lugha iliyomruhusu mtu kuandika hesabu karibu kama anavyoiandika kwenye daftari, badala ya kupanga namba za mashini moja moja. Wako waliosema sasa waandika programu hawatahitajiwa tena. Idadi yao ikapanda sana miaka iliyofuata, kwa sababu programu zilipokuwa rahisi kutengeneza, benki, hospitali, viwanda na majeshi vyote vilizitaka.

Je, safari hii itakuwa vilevile? Hapo sitaki kuwadanganya. Fortran haikuweza kuandika kitu bila mtu. Mashini hizi za sasa zinaandika, zinajaribu, zinasahihisha, na kila mwaka zinaongeza nguvu. Mwezi wa kumi 2024 mkubwa wa Google, Sundar Pichai, alisema zaidi ya robo ya amri mpya za kampuni yake zinaandikwa na akili bandia, kisha mainjinia wanazikagua na kuzikubali. Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu ya Fortran.

Wanaoumia kwanza

Kati ya wale niliozungumza nao, yuko kijana ambaye alikuwa anaishi kwa kazi ndogo za ng'ambo. Mtu wa Ubelgiji ao Canada anataka ukurasa wa duka lake, kijana anautengeneza kutoka hapa, analipwa dola 50 ao 80, makuta yanapita kwa mjomba aliyeko Kampala. Kwa kazi hizo alikuwa analipia wadogo zake wawili masomo. Aliniambia kwamba tangu mwaka jana simu zimepungua, maana yule mteja wa ng'ambo sasa anajaribu kwanza mwenyewe na mashini. Wanaobaki wanamwita kusahihisha tu kile mashini ilichoharibu, na wanataka kulipa nusu.

Huyu mashini haikumsaidia. Imemchukulia chakula. Tukisema kwamba kazi itaongezeka duniani, yeye anauliza: itaongezeka kwa nani, na lini? Wadogo zake wanafukuzwa shuleni mwezi huu, si mwaka wa 2033.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Sisi tumo ndani ya mashini hizi kuliko tunavyojua. Kompyuta nyingi zina vipuri vidogo vinavyotumia tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, machimbo ya Rubaya peke yake yanatoa karibu 15 kwa mia ya koltani ya dunia. Watu wangapi kati yenu mnaosoma hapa mlikimbia Rubaya? Kwa jirani zetu wa Kenya, jarida la Time liliandika mwezi wa kwanza 2023 kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa ili wasome maandishi machafu na kuyachuja, ChatGPT isiyarudie. Mawe ni yetu, macho yaliyochoka ni ya ndugu zetu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba jambo hili ni la Wazungu na halituhusu.

Kazi ambazo hakuna aliyezifanya

Pamoja na hayo yote, mimi ninaona mlango. Nitaeleza kwa nini.

Marekani, kila duka lina programu, kila shule ina programu, kila daktari anayo. Kule, mashini ikiandika haraka, mkubwa anaweza kusema: watu kumi wanatosha pale walipokuwa ishirini. Kwetu hesabu ni nyingine. Hapa kazi nyingi hazijawahi kupata programu hata moja, kwa sababu bei ilikuwa juu. Kituo cha afya kinaandika chanjo kwenye daftari linalolowa mvua ikinyesha. Ushirika wa wakulima wa maharagi haujui nani ameleta gunia ngapi. Kikundi cha mama wanaoweka akiba kinahesabu kwa karatasi, na mabenki ya Goma yalipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, vikundi hivyo ndivyo vilivyobeba familia nyingi. Wenye pikipiki, wauza makala, shule za makanisa, wote hao hawajawahi kumwita mtengeneza programu. Mashini ikishusha bei ya kutengeneza, hao ndio wateja wapya.

Na kazi hiyo mtu wa mbali hawezi kuifanya vizuri hata akiwa na mashini bora. Mumeona mfano wa majina ya familia. Mtu wa California hawezi kujua kwamba mama wa kikundi cha akiba hataki jina lake lionekane kwenye simu ya mume. Hawezi kujua kwamba umeme unakatika, kwa hiyo programu lazima iweze kuendelea bila intaneti na kutuma baadaye. Hawezi kujua kwamba wengine hawasomi, na kwamba sauti kwa Kiswahili chetu ni bora kuliko maandishi. Anayeyajua ni mtoto wako, aliyekulia humo.

Lakini mlango huo una masharti. Wateja hao hawana makuta mengi. Kijana atalipwa kidogo kidogo, na watu wengi, si na kampuni moja kubwa. Itabidi ajue kuzungumza na wazee, kusikiliza, kurudi mara tatu. Yule wa pili katika hesabu ya Marekani, anayeelewa shida na kupanga, ndiye tunayemhitaji. Yule wa kwanza, anayeandika tu alichoagizwa, mashini iko tayari kukaa kwenye kiti chake.

Sasa mzazi afanye nini?

Nitajibu kama nilivyowajibu wale walioniuliza njiani, wazi na bila kupamba.

Kama mtoto wako yuko mwaka wa mwisho wa informatiki, usimtoe. Mwache amalize. Lakini muulize anajua kufanya nini bila mashini. Kama hawezi kusoma amri na kueleza zinafanya nini, hataweza kujua mashini inapokosea, na hapo hana cha kuuza.

Kama mnataka kulipia masomo ya miezi mitatu kwenye kituo kinachowaahidi kwamba mtoto atapata kazi ya ng'ambo, ngojeni kwanza. Nendeni mkaulize: waliomaliza mwaka jana wako wapi? Nionesheni kitu walichotengeneza kinachotumika leo hapa mjini. Wakikosa jibu, rudini na makuta yenu.

Kama mtoto bado yuko sekondari, msisitizieni hesabu, Kifaransa na Kiingereza. Maelekezo mengi ya kazi hii yako kwa Kiingereza, na mtu asiyeweza kueleza shida kwa maneno yaliyonyooka hataweza kumwagiza mashini wala kumwelewa mteja. Na wasichana msiwaache nyuma: aliyeokoa orodha yetu alikuwa dada.

Kama kijana ana simu tu na hana kompyuta, anaweza kuanza. Wasaidizi hao wa bure wanaweza kuwa walimu wazuri. Asiwaambie "nifanyie". Awaambie "nieleze kwa nini", kisha ajaribu mwenyewe, kisha awaulize tena alikosea wapi. Kwa mtoto aliyehama na kukosa mwalimu mwaka mzima, hiyo si faida ndogo.

Na kwa wote, wakubwa na wadogo: msiandike ndani ya mashini hizo majina ya watu waliokimbia, namba zao, mahali wanapolala, wala habari za wagonjwa. Mkitaka kujaribu, wekeni majina ya uongo. Ukishatuma neno lile huko, hulirudishi.

Kama ningekuwa na mtoto wa miaka 17 leo anayependa kompyuta, ningemlipia, ila si ili aandike amri siku nzima kwa mtu asiyemjua. Ningemlipia aweze kwenda kwenye kituo cha afya, akae na muuguzi siku mbili, aone shida iko wapi, halafu amwambie mashini la kufanya na ajue kama imefanya vizuri. Kazi hiyo naiona ikiendelea kuhitajiwa hapa kwetu kwa miaka mingi, na leo wanaoifanya ni wachache mno.

Programu yetu ya kutafutana sasa inatumika. Ina neno la siri, inajua kwamba watoto wa mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti, na kila jina linakaguliwa na mtu mbele ya kusomwa hewani. Mwenye ndugu anayemtafuta afike redioni mwenyewe, tutamwandika bila malipo. Na mwenye kijana anayesoma informatiki na anayetaka kujifunza kwa kazi ya kweli, amlete pia. Kituo cha afya cha jirani kimekwisha kutuuliza kama tunaweza kuwasaidia na daftari lao la chanjo.